Mgomba Tuliouzika Nyakisasa

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nifumbe macho. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani na viatu vya kuazima, nimeketi kwenye benchi la Kitengo cha Filamu pale Biharamulo mjini, nikidhani nitapewa ufagio au, Mungu akipenda, kalamu. Mkuu wa Kitengo, bwana mrefu asiyecheka ovyo, alinivalisha hedifoni, vile visikizio vya kufunika masikio yote mawili, akanishikisha maikrofoni na kuniambia nimweleze ninachosikia. Nikamwambia nasikia kuku, nasikia mtu anapiga deki, nasikia pikipiki. Akatikisa kichwa. Nikaona aibu, nikasikiliza tena, nikamwambia namsikia na yeye anavyovuta pumzi kwa shida, kifua kinabana. Akanivua hedifoni, akasema, "Kesho uje na viatu vya kutembelea."

Ndivyo mimi Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Kaniha kutoka upande wa Shinyanga, nilivyoingia katika ufundi wa sauti. Walikuwa wanatafuta mkalimani wa Kisukuma, wakaondoka na fundi. Nawasimulia vijana haya kwa sababu siku hizi kila mwenye simu ananiambia na yeye anatengeneza filamu. Hewala. Ila nikiangalia hizo filamu zenu, picha zinang'aa na upepo unavuma mpaka sijui nani kasema nini, natamani kumtandika mtu.

Filamu zetu zilikuwa fupi, za robo saa hivi, kuhusu kilimo, afya na usalama wa watu, na tulizionyesha viwanjani kwenye shuka jeupe. Tulikuwa watu watatu. Mwongozaji aliandika hadithi, alichagua waigizaji kijijini na kamera aliishika mwenyewe. Mimi nilishughulika na sauti. Wa tatu alikuwa dereva wetu Zabroni, Mhangaza wa Ngara, ambaye gari likishasimama aligeuka kuwa mtu wa mwanga. Alishika reflekta, ambayo kwetu ilikuwa kitambaa cheupe kilichoshonewa kwenye fremu ya mbao ili kurudisha jua usoni kwa mwigizaji. Yeye aliiita "leflekta" mpaka tulipoachana. Tukikosa mlevi wa kuigiza, Zabroni alikuwa mlevi. Tukikosa mwenyekiti wa kitongoji, alivaa koti langu la mvua akawa mwenyekiti.

Niwaeleze kidogo kazi yenyewe. Maikrofoni kubwa huifunga kwenye mti mrefu, ukaining'iniza juu ya mtu anayesema bila kivuli chake kuingia kwenye picha. Ikiwa nje unaivisha manyoya ili upepo usiigonge. Kila mkimaliza mahali unawaomba watu wote wanyamaze, unarekodi sauti ya mahali penyewe, majani, nzi, mbuzi wa jirani, maana mhariri ataihitaji kuziba mapengo. Na kabla ya kila teki, yaani kila mara mnapopiga kipande cha picha, Mwongozaji huita, "Sauti?" Fundi akijibu, "Sauti tayari," kamera inaendelea. Asipojibu hivyo, hata Mwongozaji awe na haraka ya namna gani, anasubiri. Watu wa picha hawaipendi sheria hiyo, lakini ipo.

Kuna na kipaza kidogo cha kubandika kifuani, chini ya nguo. Hicho ni cha kuogopa. Mtu akishavikwa, baada ya muda anasahau, anakwenda pembeni kusema na mwenzake, anakwenda msalani, na wewe uko naye masikioni. Mkuu wa Kitengo alinionya mapema kuwa ninayoyasikia kati ya teki na teki si mali yangu, nikiyatoa nje atanifukuza siku hiyo hiyo. Nimesikia mengi. Yako tumboni.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Lusahunga, njia panda ya malori ya kwenda Rusumo, kwenye filamu kuhusu usalama barabarani. Mwongozaji wetu wakati huo alikuwa mwalimu mstaafu, mtaratibu ajabu. Tunaanza mazungumzo ya dereva na mama wa mgahawa, semitrela inaingia. Inaondoka hiyo, nyingine inafunga breki. Mimi nilikuwa karibu kulia. Mwalimu alivuta kigoda, akaagiza chai, akaniambia, "Binti, barabara hii haikujengwa kwa ajili yetu." Tulipiga picha pale alfajiri, malori yakiwa yamelala. Baadaye tulipelekwa kwetu Kaniha kwa ajili ya filamu ya josho la ng'ombe, na huko alinitegemea, kwa kuwa alijua humwelekezei Msukuma kamera kabla salamu hazijawafikia ng'ombe wake wote na mvua ya mwaka huo.

Mwalimu alipoacha kazi, tuliletewa Mwongozaji wa pili, kijana aliyesomea filamu hasa, mtu wa mbali na Kagera. Sitamsema vibaya. Alikuwa na jicho, alikuwa na adabu, na alifanya kazi mpaka anasahau kula. Tatizo lake lilikuwa kwamba aliamini kila kitu cha filamu ni cha filamu tu.

Aliandika hadithi ya kijana anayekwenda kuchimba dhahabu, duara linamwangukia. Duara ndilo jina la wachimbaji la shimo lao. Mwili unarudishwa nyumbani, mama yake anamzika, na hapo filamu inakwisha. Ilikusudiwa kuwaonya vijana wanaoingia kwenye mashimo yasiyo na nguzo. Mahali palichaguliwa Nyakisasa kule Ngara, kwao Zabroni, kwenye shamba la migomba la Mzee Balthazari, mkubwa wa familia moja ya Wakatoliki wa siku nyingi pale. Wa kuigiza mama alipatikana kwenye nyumba hiyo hiyo. Alikuwa mjane wa mdogo wake Mzee, mwimbaji wa kwaya, uso wake ukiutazama mara moja hutausahau. Kijiji kizima kilimwita Mama Evarist. Mwongozaji alimwita hivyo hivyo kutwa nzima, na hata siku moja hakuuliza huyo Evarist yuko wapi.

Mimi niliuliza. Zabroni alinieleza tukiwa wawili garini. Evarist alikuwa mtoto wake wa kwanza na wa kiume pekee, alikwenda machimboni huko mbele ya Biharamulo, duara likaporomoka. Wenzake waliotoka walileta habari na shati lake, mwili haukupatikana, shimo likafungwa. Lakini Mzee Balthazari alikataa msiba. Alisema hatujaona mwili, hatuna msiba, kijana huenda alitoka upande mwingine akavuka Burundi. Kwa hiyo hapakuwa na kilio, hapakuwa na matanga, kanisani hakuombewa pamoja na marehemu wengine. Mama yake akianza kulia, watu wa nyumba humnyamazisha. Wanamwambia anafanya uchuro, anamlilia mtu mzima. Miaka ikapita hivyo.

Niliposikia hayo nilielewa kwa nini alikubali kuigiza kabla Mwongozaji hajamaliza kueleza. Kwenye filamu angeruhusiwa kulia.

Na alilia, jamani. Teki ya kwanza, anapopokea habari, alilia mpaka Zabroni akainamisha reflekta uso ukaingia giza, tukarudia. Mwongozaji alifurahi sana, akaniambia huyu mama ana kipaji. Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Nilikuwa nimembandika kipaza kifuani, na baada ya "kata" kila mmoja alipokwenda kunywa maji, yeye alizunguka nyuma ya nyumba na nikamsikia anaendelea, polepole, kwa Kihangaza, akimwita mtoto wake kwa jina na kumuuliza kama kuna baridi huko aliko. Kihangaza changu ni cha sokoni, lakini hayo niliyaelewa. Nikavua hedifoni, nikaangalia pembeni.

Siku ya mazishi, yaani mazishi ya kwenye hadithi, Mwongozaji aliwaita vijana asubuhi wakachimba kaburi kando ya migomba. Kaburi kamili, la kina. Alikuwa ameomba ruhusa ya kupiga picha za mazishi, na Mzee Balthazari alikuwa ameitoa akidhani tutaonyesha watu wakitoka nyumbani na jeneza, basi. Mzee alikuwa gulioni. Aliporudi alikuta waombolezaji wetu wamejipanga, jeneza la kuazima lina magunia ya udongo ndani, kamera iko kwenye miguu yake mitatu. Alifika mpaka ukingoni akachungulia. Mwongozaji akamwahi na shikamoo.

"Marahaba," alisema Mzee. "Hili mmemchimbia nani?"

"Si mtu, Mzee, ni filamu. Tukimaliza tunarudishia udongo, panabaki kama palivyokuwa."

"Kaburi halirudishiwi udongo likiwa tupu. Ukilifukia tupu litamdai mtu wa nyumba hii."

Mwongozaji alinitazama kana kwamba nitamtafsiria, na hayo yalikuwa Kiswahili kabisa. Wale vijana waliochimba walikuwa wamekwishaweka majembe chini. Waombolezaji wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja. Mwongozaji aliuliza kama anaweza kuliacha wazi, akaambiwa hilo ni baya zaidi. Zabroni ndiye aliyemvuta kando akamweleza desturi ya huko kwao. Mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, ndugu hukata mgomba, wakauvika sanda na kuuzika mahali pake, na msiba unakuwa umekwisha. Kaburi lililochimbwa bila mtu nalo linafungwa hivyo hivyo. Mwongozaji akashusha pumzi, akasema vizuri, tukate mgomba, kuna migomba mia hapa.

Mzee Balthazari akasema, "Kwanza mniambie anazikwa nani, ndipo niwaonyeshe mgomba wa kukata. Mzee anakatiwa mgomba uliokwisha kuzaa. Kijana ana wake. Na hauzikwi bila jina."

Mwongozaji akataja jina la kijana wa kwenye hadithi yake. Mzee akauliza huyo alizaliwa na nani. Mwongozaji akaanza kupekua skripti yake.

Mama Evarist alikuwa amesimama mbali kidogo, kanga za msiba kiunoni na kichwani, mahali alipopangiwa asubiri. Kipaza kilikuwa bado kifuani mwake na hedifoni ilikuwa masikioni mwangu, nikausikia moyo wake unagonga kabla hajasogea. Alipita katikati ya watu mpaka mbele ya shemeji yake.

"Kata usiozaa," alisema. "Ni Evarist."

"Mama Evarist, usilete mchezo hapa."

"Mimi sichezi, shemeji. Wanaocheza ni hawa wageni."

Mzee akatikisa kichwa. Alianza tena yale ya mwili, kwamba hatujauona, akayaachia katikati. Kisha akasema jambo ambalo hata Zabroni hakulijua. "Mimi ndiye niliyemsindikiza Lusahunga. Mimi ndiye niliyemsimamishia lori akapanda."

"Najua. Sijakulaumu hata siku moja. Lakini nimechoka, shemeji. Naitwa kwa jina la mtoto ambaye hamtaki nimzike, na hakuna anayekwenda kumtafuta. Nipe nimlilie."

Mwongozaji alikuwa nyuma ya kamera, na taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa bado haijawaka. Niwaambie ukweli wa kazi yetu: mtu anaweza kuongoza filamu mpaka anazeeka asikutane na picha ya namna hiyo. Mwanga wa jioni ulikuwa umekaa vizuri, uso wa yule mama ulikuwa wazi, na yule mzee alikuwa uso kwa uso naye. Mwongozaji aliweka kidole kwenye kitufe cha kurekodi. Aligeuza kichwa kwangu, akaniuliza kwa kunong'ona, "Sauti?"

Nikamjibu, "Sauti haiko tayari."

Akanitazama. Kila kitu changu kilikuwa kimewashwa na aliona. Hasira ilimpanda, niliiona inapanda, na nilikuwa najua kuwa yeye ni bosi wangu na anaweza kuniandikia chochote apendacho kwa Mkuu wa Kitengo. Nikarudia, taratibu, kwamba sauti haiko tayari. Halafu akachukua kifuniko cha lenzi mfukoni akaifunika kamera, na kuanzia siku ile nilimheshimu.

Mzee Balthazari alivua kofia yake, akaomba panga, akaingia kwenye migomba mwenyewe. Tulisikia panga likigonga. Alirudi ameukumbatia mgomba mchanga, maji yake yakimchuruzika kwenye koti, na hakumruhusu mtu ampokee. Sanda haikuwapo. Duka lilikuwa mbali na hakuna aliyetaka jua lizame kaburi likiwa wazi. Zabroni akakaa chini na reflekta yake, akakata nyuzi kwa kisu, akabandua kile kitambaa cheupe kwenye fremu na kukitandaza kwenye nyasi. Mimi nilimfuata Mama Evarist, nikakitoa kipaza kifuani pake. Alishtuka, akaniuliza kama muda wote kilikuwa kinasikia. Nikamwambia kilisikia, na mimi nilisikia, na hapatakuwa na wa tatu. Akanishika mkono, na hakuuachia mpaka tulipofika ukingoni.

Walioshusha mgomba kaburini walikuwa Mzee, Zabroni, kijana mmoja wa jirani na Mwongozaji. Walihitajika wanaume wanne, na yeye alikuwa wa nne. Mzee alisali, akataja jina la ubatizo na jina la kwao. Mama Evarist akalia kilio ambacho sikuwa nimekisikia kwenye teki zote zile. Cha kwenye filamu kilikuwa na mahali pa kukomea. Hiki hakikuwa nacho, na wanawake wa nyumba ile, wale wale waliokuwa wakimwambia anyamaze, walikaa chini wakalia naye. Nililia na mimi, sioni haya kusema.

Filamu ilisimama. Nyumba iliingia matanga na sisi tukalala pale na waombolezaji wengine, maana ungewaaga vipi watu uliowachimbia kaburi? Mkuu wa Kitengo alipopigiwa simu alipandisha sauti, akataka kujua filamu ya mazishi inakwishaje bila mazishi. Mwongozaji angeweza kunitupia mimi lawama. Alimwambia ni uamuzi wake. Mkuu akaomba aongee na mtu wa sauti, nikapewa simu, akaniuliza nilirekodi nini. Nikamwambia sikurekodi kitu. Nikamsikia anavuta zile pumzi zake za shida, kisha akasema basi tumalizie na tulichonacho, na mama huyo tumpe pole zake.

Tuliporudi kazini baada ya matanga, ni Mama Evarist mwenyewe aliyesema tumalize kazi, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Mwongozaji alifuta ukurasa wote wa mwisho wa skripti. Alimwomba tu atoke ndani na kukaa mlangoni, wanaume wapite uani wamebeba majembe yenye udongo. Hakuambiwa alie, na hakulia. Kwa kuwa kitambaa cha reflekta kilikuwa chini ya udongo, nusu ya uso wake iko kivulini. Ndivyo filamu ilivyokwisha, na tulipoionyesha kwenye viwanja vya Ngara na Biharamulo watu walikuwa wanachelewa kuondoka. Wapo waliolalamika kuwa kaburi halikuonyeshwa.

Nimestaafu sasa, niko Kaniha na ng'ombe wangu wachache, na sikio la kushoto limeanza kunitoroka. Wanaonitembelea huniuliza kama hatukuteseka kwa kuwa wachache. Tuliteseka, mgongo wangu unajua. Lakini nafikiri sana kuhusu jioni ile. Tulikuwa watatu, ikatosha watatu kukubaliana. Tungekuwa thelathini, lazima pangekuwapo mmoja anayeendelea kurekodi, na asingekuwa mtu mbaya, angekuwa anafanya kazi yake. Nanyi mtafika mahali kama pale, simu zenu mkononi. Siwezi kuwaambia mtafanya nini. Nawaambia tu kwamba ukizima, kuna kitu unakipoteza kweli kweli, na asikudanganye mtu kuwa haitauma. Mwongozaji wangu, ambaye sasa ni mtu mkubwa, aliniambia hata leo huiona picha ile aliyoiacha.

Novemba iliyopita nilikwenda Nyakisasa kwenye misa ya marehemu. Mimi si Mkatoliki, nilikwenda kwa sababu Mama Evarist alinialika. Baada ya mahubiri padri aliwaalika watu wa kila familia wasimame na kuwataja wafu wao. Mzee Balthazari amekongoroka, alinyanyuliwa na wajukuu. Alimtaja baba yake, akamtaja mdogo wake, akapumzika. Nikadhani amemaliza. Kisha akasema, kanisa zima likasikia, "Na Evarist, mtoto wetu, niliyemzika mimi." Mama Evarist alikuwa benchi la mbele yangu. Alipiga magoti akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.